Mvinyo Nisiouonja

Mvinyo mwekundu ukishamiminwa huhitaji kuachwa kidogo. Ukiunusa papo hapo haukwambii kitu, unakuchoma pua tu na kunyamaza. Uache. Kunja vitambaa, panga sahani, kisha urudi, utaukuta umeshaamka. Kwanza huja tunda, zambarau zilizoiva mpaka zikapasuka chini ya mti, halafu ukwaju, halafu kitu kikavu kama mbao za ndani ya kasha la nguo. Huinamisha bilauri, nikafumba macho, nikavuta pumzi fupi fupi, na hapo huwa sipo tena kwenye stoo ile ya Mji Mkongwe yenye kuta nene na taa moja. Huwa niko popote mvinyo unaponipeleka.

Sijapata kuuonja. Watu hawaniamini. Wageni hudhani natania, majirani hudhani naficha. Lakini ndivyo ilivyo: mvinyo, na pombe kali pia, wiski na ramu na jini, nimezifahamu kwa pua peke yake, kama mtu anavyoweza kuijua nyumba ya watu kwa kupita kila siku nje ya dirisha lake. Unajua wamekaanga nini, unajua nani anakohoa, unajua siku wanayofua. Ndani hujaingia.

Baba alitangulia, mama akamfuata, na mimi bado nina sare ya skuli mwilini. Nilikuwa wa kwanza. Nyuma yangu alikuwepo mdogo wangu wa kiume, na nyuma yake wa mwisho, mtoto wa kike ambaye bado alilala na kidole mdomoni. Jamaa walikaa wakataka kutugawa: mmoja aende Jambiani, mmoja Bububu, mmoja abaki Mtoni. Mimi nikaenda kukaa kwenye kizingiti cha mlango. Sikubishana na mtu. Nilikaa pale mpaka maongezi yao yakaisha, wakanipita mmoja mmoja kwa kuinua miguu, wakaenda zao. Skuli sikurudi tena. Tukabaki Mtoni, sote watatu, kwenye vyumba viwili nyuma ya barabara ya Bububu.

Mama alikuwa mpishi wa udi. Alichemsha sukari mpaka ikaanza kubadilika rangi, akatia vipande vya udi na unga wa sandali, halafu akatia na vitu kutoka kwenye vichupa vyake vidogo. Udi ukishapoa ulivunjwavunjwa, ukatiwa mkebeni, na kipande kidogo tu juu ya makaa ya chetezo kilitosha kufukiza nguo za nyumba nzima. Wanawake walikuja kwake kila palipokuwa na harusi. Kila mpishi wa udi hapa kwetu ana wake, hafanani na mwengine, na hamfundishi mtu ila binti yake, na binti hafundishwi mpaka siku aliyoposwa. Mama alifariki mimi sijaposwa. Vichupa vilibaki vitupu na udi wake ukaenda naye. Nguo zake zilituhifadhia harufu kwa muda, tukawa tunalala nazo, mpaka siku moja nikanusa kanga yake nikakuta inanuka sisi.

Sikuposwa hata baadaye. Waliokuja kuchungulia waliona watoto wawili nyuma ya mlango wakakumbuka kuwa wana safari.

Nilifanya kazi nyingi, na ya mwisho ndiyo niliyonayo mpaka leo, katika hoteli ndogo Mji Mkongwe. Nilianza kwa kuosha bilauri. Stoo ya vinywaji ilikuwa chini ya mzee mmoja kutoka Dodoma, Mkristo, aliyekulia kwenye mashamba ya zabibu. Nilimwita Mjomba. Maradhi yale yaliyoufunga mji, wageni wakakatika na sisi tukarudishwa majumbani, yeye yalimpata. Kazi zilipofunguliwa alirudi mzima, miguu na mikono na utani wake wote, lakini pua haikurudi. Alificha. Mtunza mvinyo asiye na pua atamwambia nini meneja?

Nilikuja kujua siku aliyofungua chupa akaiweka pembeni yangu, nami naifuta bilauri.

"Mjomba," nikamwambia, "chupa hii inanuka boksi."

"Boksi gani?"

"La karatasi. Lililonyeshewa mvua."

Akamimina kidogo, akaonja, akatema kwenye sinki. Alikaa akinitazama. Baadaye alinieleza kuwa huo ni ugonjwa wa kizibo, kizibo kibovu huuharibu mvinyo ukanuka hivyo hivyo, na kwamba alikuwa karibu kuipeleka juu kwa wageni. Siku ile hakueleza kitu. Alifungua nyengine.

"Na hii?"

"Hii ina harufu ya Ijumaa."

"Ijumaa haina harufu."

"Kwenu bara labda."

Akacheka mpaka akakaa juu ya kreti.

Tukaanza kufanya kazi hivyo. Yeye alionja, mimi nilinusa, na kati yetu tukawa mtu mmoja aliyekamilika. Mchana, saa ambazo wageni wamelala na mji wote umefunga madirisha, tulishuka stoo tukafungua chupa za kujaribu. Aliniambia mvinyo unaukumbuka udongo wake, na unakumbuka kama jua la mwaka ule lilikuwa kali au pole. Mimi nilimwambia ninachokiona. Siku moja nikasema nasikia karafuu.

"Umesikia sawa," akasema.

"Kwa nini wametia karafuu?"

"Hawakutia. Pipa. Wanalichoma ndani kwa moto, ule mti ndio unaotoa harufu hiyo."

Neno lile lilinikaa kichwani siku nyingi. Nilikuwa nikilifikiria njiani, nikilifikiria nikichambua mchele. Kwamba unaweza kusikia karafuu na karafuu isiwepo. Kwamba harufu si kitu kimoja. Ni watu wengi wamekaa chumba kimoja, na ukiwa na subira utawasikia wakizungumza mmoja mmoja. Nani anaingia mwanzo, nani anakuja baadaye, nani anabaki bilauri ikishakauka. Hii ya mwisho ndiyo niliyoipenda zaidi. Bilauri tupu iliyoachwa mezani mpaka asubuhi hunukia kitu ambacho haikunukia ilipokuwa imejaa.

Pombe kali zilinishangaza kwa namna nyengine. Mjomba alinieleza zinavyopatikana, kuchemsha, kuukamata mvuke, kuupoza ukadondoka, nikamwambia mbona ndivyo wanavyotoa mafuta ya karafuu Pemba. Uji unabaki chini, kilichopaa ndicho kinachotakiwa. Jini ilinionyesha giligilani na ganda la ndimu. Kulikuwa na wiski moja ya moshi, na nilipoikaribia tu niliiona Jambiani, mwani umeanikwa juani, wanawake wameinama, na mtu anachoma makumbi ya nazi nyuma ya nyumba. Mjomba alisema wiski ile inatoka kisiwani. Nikamwambia hilo halihitaji kuambiwa.

Halafu ikaja ramu. Ilikuwa imekaa kwenye pipa muda mrefu, nyekundu ya kahawia, na aliimimina kidogo sana. Nikainamisha kichwa. Ilikuja sukari, ile saa yake hasa inapokaribia kuungua na bado haijaungua. Ikaja mbao. Nyuma ya mbao ikaja kitu kama waridi lililokauka ndani ya kitabu. Nikashika ukingo wa sinki. Nilimwona mama amesimama uani, amenipa mgongo, kanga kiunoni, kiwiko chake kikienda na kurudi juu ya sufuria. Sikuona uso. Alikuwa karibu hivi kwamba ningenyoosha mkono ningeligusa fundo la kanga.

"Umeona nini?" Mjomba akauliza.

"Sukari," nikasema.

Sikuweza kumwambia mtu. Nani nimwambie kuwa nimemkuta mama yangu kwenye ramu?

Mwaka ule wafanyabiashara wa vinywaji walikuja kutoka bara na chupa zao, meneja achague za msimu. Mjomba alimwambia anataka nikae mezani pamoja nao. Mimi, mwosha bilauri. Asubuhi ile nilifanya kile ambacho mwanamke yeyote wa Unguja angekifanya akialikwa mahali pa heshima. Nilitia makaa kwenye chetezo, nikafukiza baibui, nikafukiza mtandio, nikajifunika nikafukiza na nywele. Udi wenyewe ulikuwa wa dukani, mkali. Nikaingia hotelini nimenukia kama bibi harusi.

Wakamimina wa kwanza, wakanusa, wakatazamana. Wakamimina wa pili. Mmoja wao, mzungu mpole, akasema samahani, labda ni yeye, lakini leo mvinyo wote una harufu ya kanisa. Meneja akanusa bilauri, akanusa kitambaa cha meza, akanigeukia. Mjomba peke yake hakuelewa kilichotokea. Alikuwa akionja kwa raha zake na kuuliza mbona watu hawasemi.

Nilipelekwa uani nikakae kwenye upepo. Haukusaidia kitu, udi wa nywele hautoki kwa upepo. Mjomba alinifuata baadaye, alipokwisha kuelezwa.

"Ulinukia sana?"

"Sana."

"Basi wewe ndiye uliyeshinda," akasema. "Hakuna chupa iliyokushinda."

Tangu siku hiyo niliacha udi. Niliacha marashi, niliacha asumini kwenye nywele, sabuni nikatafuta isiyo na harufu. Kwa kazi yangu ilikuwa lazima. Lakini mwanamke asiyenukia huku kwetu huonekana kutoka mbali. Anayeacha manukato ni mjane aliye edani, na mimi sikuwa na mume wa kufa. Majirani walianza kuniangalia, wakaniuliza kwa kuzunguka, halafu bila kuzunguka.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa ameshakuwa mkubwa. Alisoma mpaka mwisho, akawa anasomesha watoto chuoni, Kurani na adabu. Akaposwa na kijana wa Bububu, mtu mzuri. Shangazi yake huyo kijana alikuja kututazama. Nilimpokea mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu." Akanikumbatia, akanusa bega langu, akajivuta nyuma. "Pole. Nani kakufa?"

"Hajafa mtu, bibi."

"Mbona hunukii?"

"Kazi yangu haitaki."

"Kazi gani isiyotaka mwanamke anukie? Unauza samaki?"

Mdogo wangu akaleta chai haraka. Mtandio wake ulikuwa umemshuka mpaka kwenye nyusi, na nilijua anaona haya, na si kwa posa.

Alipoondoka mgeni, aliniambia akiosha vikombe, bila kugeuka.

"Dada, udi wangu apike yule bibi wa Bububu anayewapikia maharusi."

Nilikuwa nimeingojea harusi ile tangu siku ya kizingiti. Singo ya kumsugulia mwili nilikwisha kuiwaza, hina nilikwisha kuiwaza. Kumpikia udi na kumfundisha ndiyo kazi ambayo mama angeifanya, na hakuna aliyebaki wa kusimama mahali pake ila mimi.

"Kwa nini?"

"We unajua."

"Nambie."

"Mikono, Dada." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Si anayekunywa tu aliyelaaniwa. Na anayemimina, na anayebeba."

"Mimi simimini. Nanusa."

"Basi na anayenusa. Hawakumtaja kwa sababu hawakujua kama yupo."

Kulikuwa na maneno yamenifika mdomoni, juu ya mikono hiyo na kazi ilizozifanya, nikayarudisha. Yalikuwa ya kweli, lakini ningemfunga nayo, angekubali kwa kufungwa, na udi wa namna hiyo sikuutaka. Kwa kitabu pia nisingemweza. Anachokijua yeye juu ya dini ni kingi kuliko changu. Nilimwambia kazi siachi, na yeye akasema hakuniambia niache. Tukalala hivyo.

Nikaanza kupika kimyakimya. Sikuwa na ruhusa na sikuwa na njia ya mama. Nilikuwa na ile ramu tu, niliyoisikia mara moja, na kile nilichofundishwa stoo: kaa kimya, waache waingie mmoja mmoja. Mama alinukia nini mwanzo, alipokuwa akifungua mlango? Nini kilibaki kwenye mto wa kulalia asubuhi, keshaondoka? Nilikuwa nikikaa uani siku za mapumziko, mvua ya masika ikipiga juu ya bati, macho nimefumba. Karafuu niliyokuwa na hakika nayo niliitia, ikaharibu yote. Nikaitoa, nikazidisha sandali, nikachoma sukari kidogo zaidi, na karafuu ikaja yenyewe. Nilikaa pale nikicheka peke yangu. Waridi lilikuwa lazima liwe kavu, si marashi. Miski ndogo, ndogo sana. Nilipika nikamwaga, nikapika nikamwaga. Nikienda kazini siku ya pili, Mjomba alinusa hewa kwa mazoea tu, pua yake haina kitu, akaniambia nikae mbali na chupa kwa tahadhari.

Alasiri moja mvua ilikuwa imekatika. Nilikuwa nimeweka kipande kwenye makaa ili nikisikie. Mdogo wangu alirudi kutoka chuoni, nikasikia viatu vyake ukumbini, halafu sikuvisikia tena.

"Nani kaja?" akauliza.

"Hajaja mtu."

"Kuna mtu kaja, Dada."

Akatokeza mlango wa uani, kitabu bado kiko kwapani. Huyu ndiye aliyekuwa akilala na kidole mdomoni. Miaka yote alituambia hamkumbuki mama, hata uso, hata sauti, na kaka yake na mimi tulikuwa tukimhadithia kama mtu anayehadithia nchi ambayo mwenziwe hajafika. Alitazama chetezo. Alitazama kiti kitupu kilichokuwa kando yangu, akakaa juu yake polepole, kama anayeogopa kumwamsha mtu.

Moshi ulipanda wima, kisha ukainama upande wake.

"Bado," akasema.

"Bado nini?"

"Ndiye, lakini bado. Kuna kitu hakimo."

Nilijua hakimo. Nilikuwa nimekitafuta masika nzima. "Kitu gani?"

Akafumba macho. Alikunja uso kama anavyokunja akisikiliza mtoto anayesoma aya kwa kukosea.

"Mafuta ya taa," akasema.

Nikamtazama. Jiko la mafuta ya taa, la tambi, lililokuwa likipiga moshi mpaka ukuta ukawa mweusi. Mama hakupata kupikia kingine. Mimi nilikuwa napikia gesi, nimekaa natafuta waridi gani, miski ipi, na mtoto aliyekuwa akitambaa chini, pua yake usawa wa jiko, ndiye aliyekuwa nalo.

Tuliazima jiko kwa jirani, naye akatuuliza kama gesi imeisha, tukamwambia ndiyo. Nikaanza upya, sufuria, sukari. Mdogo wangu alishika mwiko.

"Kazi yako bado siitaki," akasema.

"Najua. Koroga."

"Na yule bibi wa Bububu nimwambie nini?"

"Mwambie umepata mpishi. Mpelekee kanga, umtake radhi."

"Sasa natia nini?"

Nikamwonyesha. Nilimwonyesha kila kitu, na kwa kila kimoja nilimweleza kinaingia lini chumbani na kinatoka lini, nami nilikuwa nikisema maneno ya stoo, maneno ya Mjomba, bila kusema yametoka wapi. Yeye alijua yametoka wapi. Akakoroga.

Siku ya kufukizwa alikaa juu ya kigoda na chetezo chini yake, kanga zimemzunguka mpaka shingoni, moshi ukimtoka kwenye kola na kwenye nywele. Shangazi wa mume alikuja akasimama mlangoni, akavuta pumzi, akasema tu "Mashaallah," akaenda kuketi na wenzake. Mdogo wangu wa kiume alikuja kuuliza jambo la magari. Alipofika mlangoni alilisahau, akageuka akaenda kukaa nje barazani peke yake, na tulimwacha.

Nilikuwa nimesimama kando, karibu na dirisha, upande usio na moshi.

"Unarudi lini kazini?" akaniuliza bibi harusi.

"Ukishanitoka huu udi."

"Utatoka lini?"

"Inategemea umekolea vipi."

Halafu alitoa mkono kwenye kanga, akanishika.

"Basi njoo huku karibu, Dada," akasema. "Ukolee."

Nikavuta kiti.